Kukimbia mbio ndefu katika kipupwe cha Mbeya

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 33 na ninaishi Uyole, Mbeya. Nimeshakimbia nusu marathoni, na sasa ninataka kujiandaa kwa marathoni kamili ya Kilimanjaro mwakani. Tatizo langu ni baridi. Kila mwaka ikifika katikati ya Mei ninaanza kuruka siku moja moja, Juni ninasimama kabisa, na nikirudi Septemba ninajikuta sina pumzi hata ya kilomita tano. Nikijilazimisha kutoka saa kumi na moja alfajiri, kifua kinabana na ninakohoa hadi mchana, na mama mkwe amekwisha kunionya kwamba nitapata nimonia. Je, nisimame tu hadi joto lirudi, au kuna namna ya kuendelea bila kujiumiza?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usisimame. Kinachokupokonya pumzi kila mwaka si baridi ya Juni bali ni miezi mitatu ya kukaa, na nikiitazama kalenda ya mbio unazozilenga ninaona kwamba Juni, Julai na Agosti ni miezi ambayo huwezi kuitoa sadaka. Kinachotakiwa kubadilika ni saa ya kukimbia, aina ya mazoezi na mavazi. Lengo lako libaki pale pale.

Mtu anayeacha kukimbia huanza kupoteza mapema kuliko anavyohisi. Ndani ya wiki mbili za kwanza kiasi cha damu mwilini, hasa sehemu yake ya majimaji, hupungua, hivyo moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo na hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kasi ile ile uliyokuwa ukiimudu. Mwezi ukipita, uwezo wa misuli kutumia oksijeni nao huwa umeshuka waziwazi, na baada ya miezi mitatu mtu huwa karibu anaanza upya, jambo ambalo wewe mwenyewe umelishuhudia kila Septemba. Habari njema ni kwamba kuulinda uwezo uliokwisha kuujenga kunadai kazi ndogo kuliko ile ya kuujenga. Unaweza kupunguza kilomita za wiki kwa theluthi moja, ukakaa hivyo kwa wiki nyingi bila kupoteza jambo kubwa, ilimradi siku za mazoezi zisipishane mno na angalau kipindi kimoja kwa wiki kiwe cha kukutoa jasho kweli kweli.

Sasa tazama kalenda. Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Maandalizi mahususi ya kilomita 42.195 huchukua wiki kumi na sita hivi, maana yake yanaanza mwanzoni mwa Novemba, wakati mvua nazo zinakaribia. Mkimbiaji anayeingia Novemba akiwa anaweza kukimbia kilomita 18 au 20 kwa utulivu, kesho yake akaamka na kwenda kazini bila kuchechemea, ana pa kuanzia. Anayetoka kwenye miezi mitatu ya kukaa hubakiwa na Septemba na Oktoba tu za kutafuta msingi huo, na kwa uzoefu wangu hicho ndicho kipindi ambacho magoti na kano za visigino huharibika kuliko kipindi kingine chochote, kwa sababu pumzi hurudi upesi kuliko kano, na mtu hukimbilia kufidia.

Ningependa pia uiondoe dhana kwamba ubaridi wenyewe ni adui wa mbio ndefu. Misuli inapofanya kazi hutoa joto jingi sana, na mkimbiaji wa marathoni hupambana zaidi na namna ya kulitoa joto hilo nje kuliko kitu kingine, ndiyo maana muda mzuri hupatikana katika hali ya hewa ya nyuzi 10 hivi au pungufu kidogo. Kelvin Kiptum wa Kenya alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 mjini Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, ilikuwa asubuhi ya ubaridi. Baridi inayoumiza ni ile inayokuja pamoja na maji na upepo. Katika mbio za Boston za Aprili 2018 mvua baridi ilinyesha tangu mwanzo hadi mwisho huku upepo ukiwapiga wakimbiaji usoni, na wengi wa waliopewa nafasi ya kushinda walitoka njiani. Aliyeshinda kwa wanaume ni Yuki Kawauchi wa Japani, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya mkoa na mwenye kazi ya ofisini kama wewe ulivyo na kazi ya darasani, kwa muda wa 2:15:58, ambao siku ya kawaida usingemweka hata miongoni mwa kumi wa kwanza wa mbio hizo. Bahati yako ni kwamba kipupwe cha Mbeya ni kikavu. Nyuzi za alfajiri mara nyingi huwa chini ya 10, lakini mchana wa siku hiyo hiyo hufika 20 na kuzidi, jua likiwa wazi. Hiyo ni hali ya hewa ambayo wakimbiaji wa Dar es Salaam wangeililia.

Shida yako kubwa iko kwenye saa. Mbeya iko magharibi mwa nchi lakini saa zetu ni zile zile za Pwani, kwa hiyo mwishoni mwa Juni na mwezi mzima wa Julai jua huchomoza kwetu karibu na saa moja asubuhi, karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam. Ratiba ya saa kumi na moja alfajiri imetungwa na watu wanaolikimbia joto. Ukiileta Uyole mwezi wa saba inakutoa nje gizani, katika saa zenye baridi kuliko zote, takribani saa mbili kabla ya jua.

Liko jambo jingine ambalo wakimbiaji wengi hawalitilii maanani. Usiku wa kipupwe anga huwa wazi, ardhi hupoteza joto lake moja kwa moja kwenda juu, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka milimani na kujikusanya mabondeni. Hewa yenye joto kidogo hubaki juu yake na kuizuia isipande. Ukisimama asubuhi ya Julai kwenye miteremko ya Loleza ukatazama chini mjini, utauona moshi wa majiko na wa tanuru za matofali umetandaa juu ya mapaa, umenyooka kama ulivyo, haupandi wala hautawanyiki, mpaka jua lipashe ardhi mnamo saa tatu asubuhi. Yeyote anayekimbia bondeni alfajiri anakimbia ndani ya moshi huo, akiuvuta kwa pumzi nyingi kuliko mtu anayetembea. Sishangai kwamba unakohoa hadi mchana, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya kikohozi chako itaondoka siku utakapobadilisha saa.

Kwa hiyo siku za kazi kimbia alasiri, kuanzia saa kumi hivi, ukishatoka shuleni. Hewa huwa imepata joto, moshi umetawanyika, na mwili wenyewe huwa katika saa zake nzuri, kwa kuwa joto la mwili hupanda taratibu tangu asubuhi na kufikia kilele chake jioni, misuli ikiwa milegevu zaidi. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, hivyo una muda wa kutosha ilimradi usikae kusahihisha madaftari kwanza, kwani anayekaa chini akiwa na uchovu wa vipindi mara nyingi hainuki tena. Mbio ndefu ziweke Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Katika likizo ya mwezi wa sita unaweza kukimbia saa tatu au saa nne siku yoyote, na ningekushauri uitumie likizo hiyo kujenga mazoea ya saa mpya kabla shule hazijafunguliwa.

Alasiri ina dosari moja, nayo ni upepo wa kusi, ambao Julai na Agosti huvuma kwa nguvu pamoja na vumbi. Anza kwa kuukabili upepo na urudi ukiwa umekupa mgongo. Ukifanya kinyume chake utatoka nyumbani ukisukumwa, utatokwa jasho jingi, kisha utageuka na kuupokea upepo ukiwa umelowa, na hapo mwili hupoa ghafla katika kilomita za mwisho ambazo nguvu zako zimekwisha kupungua. Usikimbie kwenye bega la barabara kuu ya Tunduma, kwa kuwa malori hayakuachii nafasi na vumbi lake halina faida yoyote kifuani mwako. Njia za udongo za upande wa Isyesye ni bora zaidi kwa miguu na kwa mapafu. Siku ambayo huna budi kupita barabarani, kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, na kama mwanga umeanza kufifia vaa kizibao cha kuakisi mwanga kama wanavyovaa bodaboda. Gizani usikimbie peke yako, hata kama umeizoea njia. Kama kuna kikundi cha jogingi mtaani kwako, jiunge nacho kwa mbio za Jumamosi, kwa maana miezi ya baridi mtu huhitaji wenzake wa kumsubiri kona kuliko anavyohitaji ushauri wangu.

Nije kwenye mazoezi yenyewe. Kipupwe ni msimu wa kujenga msingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kilomita zako ziwe za mwendo wa polepole, ule ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa Pwani, kwa hiyo usiulinganishe muda wako wa kilomita na wa mtu wa Tanga au Dar es Salaam. Pima kwa pumzi na mapigo ya moyo. Siku nne kwa wiki zinatosha. Jumanne kimbia kilomita 7 au 8 za polepole, Alhamisi iwe ya mlima, Jumamosi iwe ya mbio ndefu, na Jumapili jioni au Jumatatu kimbia nusu saa nyepesi ya kulegeza miguu. Mbio ndefu zianze na kilomita 10 au 12 mwanzoni mwa Juni, ziongezeke kwa kilomita moja au moja na nusu kila wiki, na kila wiki ya nne zirudi nyuma ili mwili upumzike, hadi mwishoni mwa Agosti ufike 18. Ukifika 20 ni vizuri, lakini sitakulaumu ukiishia 16, kwa kuwa mwaka jana wakati kama huo ulikuwa umeishia sifuri.

Kuhusu siku ya mlima nina msimamo mkali kidogo. Wakimbiaji wengi hufanya mazoezi ya kasi kwenye uwanja tambarare mwaka mzima, na msimu wa baridi ndipo wanapochanika misuli ya nyuma ya paja. Mlima hukupa kazi ile ile ya moyo na mapafu kwa kasi ndogo, hatua fupi na kishindo kidogo, na kwa hiyo misuli haivutwi hadi mwisho wa urefu wake. Uyole mlima haukosekani. Ukishapita Igawilo kuelekea Tukuyu ardhi inaanza kupanda, na vijia vya pembeni viko vingi. Tafuta mteremko wa wastani ambao unaweza kuupanda kwa dakika moja bila kuinama, upande kwa nguvu ambayo mwishoni huwezi kusema zaidi ya maneno mawili matatu, kisha ushuke ukitembea. Anza na mara nne, na kwa wiki kadhaa ufike nane. Kwa kuwa kushuka kwa kutembea kunapoza mwili, funga koti jepesi kiunoni na ulivae kila unapogeuka. Hilo linaonekana kuwa jambo dogo, lakini nimewaona wakimbiaji wazuri wakiharibu zoezi zima kwa kusubiri kileleni wakiwa na fulana iliyolowa huku kusi kinawapiga.

Usitoke nje kabla ya kupasha misuli. Umewahi kuona mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya Julai. Majimaji yanayolainisha viungo vyako nayo huwa mazito kwenye baridi, na misuli iliyopoa hujikunja na kujikunjua kwa uzito. Ndani ya nyumba, kwa dakika nane au kumi, ruka kamba taratibu, chuchumaa na kuinuka, pungia miguu mbele na nyuma ukiwa umeshika ukuta, zungusha vifundo vya miguu, inuka kwa vidole. Unataka kutoka mlangoni ukiwa umeanza kuhisi joto lakini hujalowa jasho. Kule kunyoosha misuli kwa kuivuta na kuishikilia kuache mpaka umalize kukimbia, kwa sababu msuli baridi unaovutwa kwa muda mrefu hupungukiwa nguvu na haupati kinga yoyote ya maana. Kilomita mbili za kwanza ziwe za polepole hata kama unajiona u mzima, na usianze mlima kabla ya dakika ishirini za kukimbia.

Mavazi yapangwe kwa tabaka. Kanuni ninayowapa wakimbiaji wangu ni kuvaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 10 zaidi kuliko lilivyo. Ukitoka mlangoni ukiwa umestarehe kabisa, umevaa kupita kiasi, na baada ya kilomita tatu utakuwa umelowa. Fulana ya pamba ndiyo inayowaponza watu wengi, kwa kuwa pamba hunyonya jasho na kulishikilia mwilini, na maji huchukua joto la mwili kwa kasi zaidi ya mara 20 kuliko hewa kavu. Tafuta fulana nyepesi ya poliesta au ya sufu laini ya kugusa ngozi, na juu yake koti jepesi la kuzuia upepo. Huna haja ya kwenda kwenye duka la vifaa vya michezo. Kwenye mitumba ya Mwanjelwa nguo hizo zipo kwa wingi, mradi usome kile kilebo cha ndani ya ukosi badala ya kuangalia rangi. Mzula na glovu ni vya lazima asubuhi, kwa sababu mwili ukiona baridi hujibana mishipa ya vidole kwanza ili kulinda damu ya katikati, na mkimbiaji mwenye mikono iliyokufa ganzi hukunja mabega na kuharibu mwendo wake wote. Glovu zikikuchosha, zichomeke kiunoni. Paka mafuta ya mgando midomoni na mahali paja linaposuguana, na usoni paka mafuta ya kukinga jua ukiwa nayo, kwa kuwa jua la nyanda za juu huunguza hata siku ambayo unatetemeka.

Ukimaliza, badilisha nguo ndani ya dakika tano. Usisimame kwenye kibanda cha chipsi kupiga soga ukiwa na fulana mbichi. Zoezi limekwisha, misuli haitoi joto tena, lakini jasho linaendelea kukupoza.

Mama mkwe wako anakuonya kwa upendo, na ni vyema umjibu kwa heshima na kwa ukweli. Nimonia huletwa na vimelea, yaani bakteria na virusi, si na hewa baridi yenyewe. Msimu wa baridi huja na maradhi mengi ya kifua kwa sehemu kubwa kwa sababu watu hujifungia ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, wakipumuliana, na darasa lako lenye watoto wengi ni mahali pa hatari zaidi kuliko njia ya Isyesye saa kumi alasiri. Kubana kwa kifua kunatokana na jambo jingine. Hewa baridi hubeba mvuke kidogo sana, na njia za hewa hulazimika kuipasha na kuilowesha kabla haijafika ndani ya mapafu. Unapokimbia, hewa inayopita huwa nyingi mara kumi na zaidi, utando wa njia hizo hukauka na kuchokozeka, na misuli inayozizunguka hujibana. Wapo ambao hali hiyo huwapata dakika chache baada ya kusimama, wakasikia kifua kinapiga mluzi. Kitambaa chepesi au skafu mdomoni katika kilomita ya kwanza husaidia, kwa kuwa hunasa unyevu wa pumzi yako na kuurudisha, na kupasha mwili taratibu husaidia zaidi. Lakini ukibadilisha saa, ukajifunika mdomo, na bado mluzi au kubana kunarudi, nenda hospitali upimwe pumu. Iko dawa ya kuvuta ambayo daktari anaweza kukuandikia uitumie kabla ya mazoezi, na wapo wakimbiaji wa kimataifa wanaoishi na hali hiyo miaka yote. Kikohozi kikifika wiki mbili usikihusishe na baridi wala na mbio. Nenda ukapimwe kifua kikuu, kama miongozo ya afya nchini inavyotaka.

Ukishikwa na mafua mepesi, yaani pua inatoka na koo linawasha kidogo, unaweza kukimbia polepole kwa dakika ishirini uone mwili unasemaje. Ukiwa na homa, maumivu ya mwili mzima au kikohozi cha kifuani, usikimbie kabisa, wala usiende "kulitoa jasho". Kukimbia ukiwa na homa kunaweza kuuingiza ugonjwa kwenye msuli wa moyo, na hilo limewaua vijana wenye afya. Homa ipimwe kwanza, hata kama una uhakika kwamba ni mafua tu.

Hapa ninakuomba unisikilize kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Usirudi kutoka mazoezini ukaota moto wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na usilale nalo likiwa ndani. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, anadhani ni uchovu wa mbio, anajilaza, na hainuki. Kila msimu wa baridi, katika nyanda zetu hizi, familia hupotea kwa namna hiyo. Mkimbiaji aliyetoka kufanya mazoezi anahema zaidi, hivyo anavuta sumu hiyo kwa wingi zaidi kuliko aliyekuwa amekaa. Jiko likae nje au kwenye chumba cha kupikia chenye matundu ya kutosha. Wewe jipashe kwa nguo kavu, maji ya moto ya kuoga, blanketi na chai.

Maji utayasahau, kwa kuwa baridi huondoa kiu. Mishipa ya ngozi ikijibana, damu hukusanyika katikati ya mwili, figo huona kana kwamba maji yamezidi, nawe unakwenda haja ndogo mara kwa mara. Juu ya hapo hewa kavu ya kipupwe inakuchotea maji kwa kila pumzi. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa vya kutosha. Chai ya tangawizi na uji wa ulezi vinahesabika. Kuhusu chakula sina mengi ya kukufundisha, kwa maana unaishi katika mkoa wenye viazi mviringo, maharage, ndizi, maziwa na maparachichi. Kula tu ndani ya saa moja baada ya mbio ndefu, na usiogope kwamba njaa yako imeongezeka.

Siku mbili kwa wiki, jioni ambazo hukimbii, fanya mazoezi ya nguvu nyumbani kwa dakika ishirini: kuchuchumaa, kupanda na kushuka kwenye ngazi ya baraza kwa mguu mmoja, kuinuka kwa vidole ili kuimarisha shavu la mguu na kano ya kisigino, na kujishikilia kwa viwiko kifudifudi. Zitakuwepo pia siku ambazo hutaki kutoka kabisa. Siku hizo jiwekee sharti la dakika kumi na tano tu. Vaa, toka, kimbia. Ukiona bado mwili umegoma, geuka urudi nyumbani bila kujilaumu. Mara nyingi hutageuka.

Wasomaji wa kwingineko watalazimika kurekebisha haya kidogo. Makete na pembezoni mwa Kitulo, ambako sakitu huweupesha majani alfajiri za Juni na Julai, mbio zisianze kabla jua halijaiyeyusha, kwa kuwa nyasi na mawe huteleza. Tukuyu na maeneo ya Rungwe hupata manyunyu hata wakati sisi tuko kwenye vumbi, na huko koti la mvua lina maana kuliko sweta. Mufindi na Njombe, ukungu ukishuka barabarani, madereva hawakuoni hata ukivaa nyeupe. Iringa mjini kuna unafuu, ingawa upepo wake unajulikana.

Tahadhari moja kuhusu Moshi. Mji huo uko chini sana ukilinganisha na Mbeya, na Februari kuna joto. Msingi wa kipupwe utakupa miguu na pumzi, lakini hautakuzoesha joto. Hilo huchukua siku kumi hadi kumi na nne, nawe utalishughulikia Februari kwa kukimbia mchana au kwa kuwahi kusafiri. Milima ya Igawilo itakufaa zaidi ya unavyofikiri, kwa kuwa njia ya marathoni kamili hupanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi mjini.

Wiki ya mwisho ya Agosti, pumzika siku mbili, kisha alasiri isiyo na upepo mkali kimbia kilomita 10 kwenye njia unayoifahamu, kwa nguvu ambayo unaweza kuimudu hadi mwisho bila kusimama. Andika muda, mapigo ya moyo kama una saa inayoyapima, na jinsi ulivyojisikia katika kilomita ya nane. Niandikie takwimu hizo mwanzoni mwa Septemba. Kwa kuzitumia nitakupangia Septemba na Oktoba, na kasi ya mbio zako ndefu za kuanzia Novemba.